6ki mahamri: nani alianza kuandika maneno kwa tarakimu, na asili yake ni ipi?

#1 MwanaLangoni (Lamu)
Asalaam aleikum wanauzi.

Khalati yangu hukaanga mahamri hapa Langoni, na wateja wake humwagiza kwa simu alfajiri kabla hajawasha jiko. Juzi kijana wa jirani alimwandikia: "Khalati, yeo 6ki mahamri." Khalati akasoma sita, lile "ki" akaona ni kidole kimeteleza. Akafunga mahamri sita kwenye karatasi, akampa mtoto apeleke. Kijana alipofungua mlango akashangaa, kwa sababu alikuwa ameandika *sitaki*. Sita-ki.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Nimeanza kukusanya, na kila nikigeuka napata jipya. *6weza*, *6kuja*. *Pa1* kwa pamoja. *7bu* kwa sababu. Na hapa kwetu Lamu ipo njia kuu inayopita katikati ya mji, Usita wa Mui. Yaani *u6 wa Mui*!

Kuna anayesema tumeiga Waingereza wanaoandika *gr8* na *b4*. Mimi nakataa. Naamini mchezo huu ni wetu na una mizizi mirefu kuliko simu. Mwenye kujua ulianzia wapi aseme, na mwenye neno alilolibuni alilete.

#2 FundiSimu (Malindi)
Jibu liko kwenye vitufe, ndugu yangu. Nimetengeneza simu miaka mingi hapa mjini, hizi za zamani nazijua hadi mifupa.

Kwenye simu za vitufe, herufi S ilikaa ya nne kwenye kitufe cha 7, baada ya P, Q na R. Basi hesabu "sita": S mibonyezo minne, I mitatu, T mmoja, A mmoja. Jumla tisa. Ukitaka tarakimu 6 yenyewe, unashikilia kitufe kimoja tu mpaka itokee. Nani mwenye haraka atabonyeza mara tisa? Halafu ujumbe mmoja ulikuwa na nafasi ya herufi 160, ukizidisha moja walipishwa ujumbe wa pili. Watu walibana maneno ili kubana pesa. Kiingereza hakimo.

#3 BintiMkeka (Kipungani)
Ahsante kwa uzi. Mimi kwetu nyumbani tunaandika *nisali100 wazee*. Salimia. Na *tu100* kwa tumia. Sikuwahi kujua kuna watu wengine wanafanya hivyo, nilidhani ni mimi na dada zangu peke yetu!

#4 MwalimuMstaafu (Malindi)
Mwanangu wa #1, umeleta jambo zuri, ila ruhusu nirekebishe mahali pamoja. Maneno yako mawili hayana "sita" ya aina moja. *Sitaki* ni si- ya kukanusha pamoja na kitenzi taka: si-taki. *Sitaweza* ni si- ya kukanusha na -ta- ya wakati ujao: si-ta-weza. Sikio linasikia sita zote mbili, lakini sarufi imezikata mahali tofauti.

Na kuna tatizo la pili. Pwani hii wengi tunasema *sitoweza*, *sitokuja*. Ukiwa wa huko, 6 yako imeharibika, kwa sababu huwezi kuandika *6kuja* na kusoma "sitokuja".

#5 MwanaLangoni
@MwalimuMstaafu ahsante sana. Nimekubali la kwanza. La pili, si lazima: msomaji huisoma kwa ulimi wake. Nitalirudia hili, kuna kitu nataka kusema kuhusu *pa1*.

#6 BajuniWaFaza
Mnasahau 9. Mkiisoma "tisa" hampati kitu, nimejaribu usiku mzima. Isomeni kwa jina lake la zamani, *kenda*. Hapo milango inafunguka:

"A9 zake bila kuaga." Akenda zake.
"Ni9 sokoni nikamkosa." Nikenda.

#7 KijanaKisumuNdogo (Malindi)
A9 zake 😂 hii naiiba leo leo

#8 MwalimuMstaafu
@BajuniWaFaza umegusa penyewe. Tazameni tarakimu zetu: moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu, majirani zetu bara wanazo kwa sura zinazofanana. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Ishirini, mia na elfu pia. Hazikuja mahali patupu. Sita ilikuwa *tandatu*, saba ilikuwa *fungate*, na tisa *kenda*.

Tandatu imebaki kwenye tungo za kale. Fungate haijafa, imehamia arusini: bwana na bibi arusi wanapokaa fungate, zile ni siku saba. Watu wanatamka neno hilo kila wiki na hawajui kwamba wanahesabu. Na kenda ndiyo yenye nguvu kuliko zote, maana imo ndani ya jina la watu. Mijikenda, miji tisa. Jina hilo kama jina la pamoja lilianza kutumika miaka ya 1940, lakini kenda yenyewe ni ya kale sana.

#9 RabaiKwaMalindi
Mimi ni Mmijikenda na naandika *Miji9*. Ninyi mlidhani mmeanza jana.

#10 MwanaMvita
Nipo Mombasa lakini mniruhusu. Kwetu hesabu imo kwenye majina kabla ya simu zote: Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, yaani Tisa Taifa na Thelatha Taifa. Tisa na tatu ni kumi na mbili. Sisi tunajiita kwa tarakimu.

#11 KijanaKisumuNdogo
Na Saba Saba? 7/7. Hiyo tayari ni *77*.

#12 FundiSimu
@KijanaKisumuNdogo hiyo imekwenda kinyume. Pale tarehe imegeuka neno, tarehe 7 Julai 1990 na ule mkutano wa Kamukunji, Nairobi, wa kudai vyama vingi. Sisi tunazungumzia neno linalogeuzwa tarakimu. Ila *mku5* ni mkutano, kwa hiyo umenipa neno bila kujua.

#13 NahodhaWaMatondoni
Salaam. Mimi si mtu wa kuandika sana. Baharini tuna *6ha*. Sitaha, ile sakafu ya juu ya chombo. Limetoka kwenye Kiarabu, kwao ni dari au uso wa kitu. Sitaha haina uhusiano wowote na sita, lakini sikio halijali.

Na nahodha anayesitasita? *Ana66*. Mwambieni vijana: kwenye mlango wa Shela, upepo ukigeuka, asiwepo wa *ku66*.

#14 BintiMkeka
KU66!!! Nahodha umemaliza uzi. Sote turudi nyumbani.

#15 MwanaLangoni
Hakuna kurudi nyumbani, ndio kwanza mahamri yanatoka motoni.

#16 DadaWaShela
Mimi nina mashaka na 2. Huku kwetu watu wa rika langu walikuwa wakiandika *2po*, *2taonana*, *we2*, yaani 2 inasomwa "tu" kama Waingereza wanavyoisema. Na *cjui* kwa sijui, C inasomwa Kiingereza. Sasa 2 ni "tu" au ni "mbili"? Kwa sababu mimi napenda achari, na nimeandika *2mbi* kwa mbilimbi. Dada yangu akanijibu "tumbi ni nini?"

#17 FundiSimu
Hapa kuna hatari ya kweli. Andika *ki2o*. Ukisoma kwa Kiingereza ni *kituo*. Ukisoma kwa Kiswahili ni *kimbilio*. Mtu akikuandikia "nakungoja ki2o" utakwenda wapi?

#18 RabaiKwaMalindi
Nitakwenda kituoni. Kama hayupo, nitakimbilia nyumbani.

#19 DadaWaShela
@FundiSimu kwa hiyo hoja yako ya #2 imeanguka kidogo. Ulisema Kiingereza hakimo. *2po* na *cjui* zote ni Kiingereza kwa sauti. Tulianza na hizo, halafu mtu mmoja mahali fulani akajiuliza: kwa nini nisome 2 kwa lugha ya wengine? Akageuza. Mimi naona *6ki* ni mtoto wa *2po*, ila ni mtoto aliyekataa jina la baba.

#20 FundiSimu
Si mbali na ukweli. Lakini mibonyezo tisa ni mibonyezo tisa.

#21 MzeeWaBaraza (Mkomani, Lamu)
Nimesomewa uzi huu na mjukuu wangu na yeye ndiye anayeniandikia. Salaam kwenu nyote.

Vijana mmeandika tarakimu mahali pa herufi na mmefurahi. Wazee wenu waliandika herufi mahali pa tarakimu. Alif ni moja, ba ni mbili, jim ni tatu, dal ni nne. Ya ni kumi, kaf ni ishirini, qaf ni mia, ghain ni elfu. Hiyo ndiyo abjadi. Aliyetunga utenzi aliweza kuficha mwaka ndani ya neno, na msomaji mwenye akili akajumlisha herufi akaupata. Hamjaona 786 imeandikwa juu ya milango ya maduka na kwenye magari? Ni jumla ya herufi za Bismillahi Rrahmani Rrahim. Wako wanavyuoni wasiopenda namba ikae mahali pa maneno hayo matukufu, na mimi naona wana haki. Lakini hesabu yenyewe ni ya kale.

Kwa hiyo anayeuliza mchezo huu ulianza lini aangalie nyuma zaidi ya simu. Watu wa Amu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi, na kila herufi waliyoandika ilikuwa pia ni namba. Mtoto wa chuo alijua yote mawili kwa pamoja.

#22 MwanaLangoni
Mzee, shukran. Hili ndilo nililokuwa nalitafuta.

#23 FundiSimu
Kwa heshima, Mzee wangu, abjadi ni thamani ya herufi, si sauti. Anayeandika 786 hamaanishi mtu atamke "mia saba themanini na sita" asikie Bismillahi. Anayeandika *6ki* anataka usikie sita. Ni mashine mbili tofauti. Zimefanana kwa nje.

#24 MzeeWaBaraza
Mwanangu, kweli. Lakini anayezoea kuona namba na herufi ni ndugu, hatashangaa mtoto akiziozesha kwa njia nyingine.

#25 ShababWaJeddah
Mimi ni wa Pate, nimekaa Saudia kikazi. Huku vijana wakiandika Kiarabu kwa herufi za Kizungu, 3 ni herufi ain na 7 ni ile ha ya kooni, kwa sababu ya umbo lake: 3 imefanana na ain iliyogeuzwa. Kwa hiyo *saba7* kwao ni sabah, asubuhi. Niliporudi likizo nikaandika "saba7 lkheri" kwenye kundi la familia. Mama akaniuliza "saba saba lkheri ndio salamu gani?"

Sasa naandika *7lkheri* na wote wanaelewa. Lakini nasema hivi ili muone njia tatu: tarakimu kwa thamani (abjadi), kwa umbo (hawa), na kwa sauti (sisi).

#26 BintiMkeka
Wathailandi nao ni kwa sauti. Kwao tano inaitwa "ha", basi wakicheka wanaandika *555*. Na Wajapani wana *4649*, inasomwa yo-ro-shi-ku, ni maneno ya adabu ya kuombana wema. Nilijifunza kwa rafiki aliyesoma huko.

#27 KijanaKisumuNdogo
Sisi tutacheka na ngapi? Naomba mtu atoe jibu, kicheko ndicho kinachotumika kuliko kitu chochote mtandaoni.

#28 MwanaLangoni
@KijanaKisumuNdogo usinikumbushe. Kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, kucheka ni *kuteka*. Niliwahi kumwandikia binamu yangu wa Nairobi "hadithi yako imenifanya niteke mpaka machozi". Akanipigia simu papo hapo: "Unataka kumteka nani?!" Kwao kuteka ni kukamata mtu kwa nguvu.

#29 RabaiKwaMalindi
Kwakwakwa. Andikeni *kwa3*. Kwa tatu. Imeisha.

#30 DadaWaShela
*kwa3* ni nzuri sana. Unaweza kuongeza: *kwa7* ukicheka mpaka ukaanguka.

#31 MwanaLangoni
Sasa lile la *pa1* nililoahidi.

Mimi nikiandika *pa1*, nasoma "pamoya", kwa sababu Kiamu ni moya. @FundiSimu akiiona anasoma "pamoja". Herufi zingetulazimisha tuchague: aidha niandike pamoya, mtu wa bara anirekebishe kana kwamba nimekosea, aidha niandike pamoja na nijisikie nimevaa nguo ya kuazima. Tarakimu haina lahaja. 1 ni yangu na ni yake.

Nimeona watoto wa ndugu zangu wakiacha kuandika Kiamu kabisa. Nyumbani wanasema *yana*, *yuu*, *ndoo*, *mato*, lakini kwenye simu wanaandika jana, juu, njoo, macho, kwa sababu wameambiwa ya kwao si Kiswahili. Wakiandika *pa1* hakuna wa kuwaambia. Ni kitu kidogo, lakini kimenigusa.

#32 MzeeWaBaraza
Mjukuu wangu ameniomba tuirudie kusoma hii mara mbili.

#33 MwalimuMstaafu
@MwanaLangoni nimefundisha watoto wengi, na baadhi ya hao niliwatia kalamu nyekundu kwenye *ndia* na *nti*. Leo nisingefanya hivyo. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, hilo lilikubaliwa Mombasa mwaka 1928, na ni jambo jema kuwa na lugha moja ya vitabu. Lakini tungo kubwa za kale zimetoka kwenu, kwa Kiamu, na hakuna aliyezitia kalamu nyekundu.

#34 KijanaKisumuNdogo
Kwa sheria ya Kiamu ya ch kuwa t, basi *kuchati* itakuwa *kutati*? Na *chaji* itakuwa *tayi*? "Simu yangu haina tayi." Naandika hivi kuanzia leo!

#35 MwalimuMstaafu
Hapana kijana wangu, na hapa pana siri nzuri. Sheria hiyo inashika maneno ya Kibantu: macho na mato, kichwa na kitwa. Neno la kuja na chombo halishikwi. Mtu wa Lamu hakuwahi kuomba "tai" akitaka chai. Na jibini ni jibini, si "yibini". Kwa hiyo ukitaka kujua kama neno ni la asili au mgeni, lipeleke Amu ulisikilize. Likibadilika, ni mwenyeji.

#36 MwanaLangoni
Kweli kabisa, hatusemi tai. Ila @KijanaKisumuNdogo kwa mchezo, *kutati* mimi naikubali kwa mikono miwili.

#37 NahodhaWaMatondoni
Ikitoka kwa kijana wa Malindi inakuwa ngeni mara mbili.

#38 RabaiKwaMalindi
Malindi msitudharau, sisi tuna mto mzima: *7ki*. Mto Sabaki.

#39 BajuniWaFaza
Nilisikia umeitwa Sabaki kwa sababu una matawi saba.

#40 RabaiKwaMalindi
@BajuniWaFaza matawi saba ya wapi? Mimi nimezaliwa karibu na daraja. Mto mmoja, juu unaitwa Galana, huku chini Sabaki, unamwaga udongo mwekundu baharini hata maji ya ufukweni yanageuka rangi. Hakuna saba hapo.

#41 MwalimuMstaafu
Ni sikio tu, kama sitaha. Ila Sabaki limefika mbali: wataalamu wa lugha wametumia jina la mto huo kuita familia nzima, Kiswahili, Kingazija na ndugu zake wa Komoro, Kimijikenda, Kipokomo na Kiilwana. Zote huitwa lugha za Kisabaki. Basi sote humu tunazungumza *Ki7ki*.

#42 KijanaKisumuNdogo
Ki7ki ndilo jina la lugha yetu ya tarakimu! Tumepata!

#43 DadaWaShela
Mimi nilikuwa nataka *Kisita*. Tuna Kiamu, Kimvita, Kitikuu, Kisiyu. Kisita kinakaa safu moja na hao.

#44 BintiMkeka
*Kitenda2*. Kitendawili. Neno lenyewe tayari limebeba namba ndani.

#45 MwanaMvita
@BintiMkeka hiyo "wili" ni mbili kweli? Mimi nilifundishwa kitendawili ni kitu kinachotenda mawili, kinasema hiki na kumaanisha kile.

#46 BajuniWaFaza
Mimi nilisikia ni kwa sababu kinataka watu wawili, anayetega na anayetegua.

#47 BintiMkeka
Vyovyote vile, mbili imo. Tega!

#48 FundiSimu
Nategua: *3a*. Tatua. Na jibu lake ni *u3zi*.

#49 CiaoMalindi
Mmetaja maneno ya wageni, nami ni mtembeza watalii, niongeze langu hata kama si tarakimu. Malindi watoto wote wanasema *ciao*, Waitaliano wamekaa hapa miaka mingi. Siku moja mgeni kutoka Venice aliniambia asili yake. Kwa Kiveneto ilikuwa *s-ciavo*, mtumwa. Mtu akikutana na mwenziwe alikuwa akisema "mimi ni mtumwa wako", kwa adabu. Ikafupishwa mpaka ikabaki ciao.

Nikakumbuka shikamoo. Nashika miguu yako. Lugha mbili zilizo mbali hivyo, na zote mbili mtu anajishusha ili amwinue mwenziwe, kisha neno likachakaa kwa kutumika mpaka kilichomo ndani hakionekani tena. Nimekaa ufukweni nikalifikiria hilo mpaka jua likazama.

#50 MwalimuMstaafu
CiaoMalindi, hii ni lulu. Marahaba.

#51 MwanaNgomeni
Na sisi tumepeleka maneno nje, msiseme tunapokea tu. Hapa Ngomeni, kwenye jukwaa la Waitaliano lililo baharini, tarehe 12 Desemba 1970 Wamarekani walirusha setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei angani. Kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya, wakaiita *Uhuru*. Neno lililotoka kwa Waarabu, likakaa kwetu, likaruka juu kutoka ufuo wetu.

#52 KijanaKisumuNdogo
Turudi kwenye namba. *Ma3*. Matatu, haya magari yetu ya abiria. Mnajua asili yake? Babu alisema nauli ilikuwa mapeni matatu, senti thelathini.

#53 CiaoMalindi
Mimi niliambiwa ni safu tatu za viti.

#54 RabaiKwaMalindi
Na Wakikuyu watakwambia ni lao, *mang'otore matatu*, ni zile zile senti kumi kumi tatu. Kila mtu na tatu yake.

#55 DadaWaShela
*Lakini* tutaandikaje? Laki ni 100000. *100000ni*.

#56 FundiSimu
@DadaWaShela hiyo imevunja sheria ya kwanza! Tarakimu iwe fupi kuliko neno.

#57 NahodhaWaMatondoni
*10mina chai*, mnaongea sana. Kumimina.

#58 BintiMkeka
Na *na7*! Nasaba. Lamu utaulizwa na7 yako kabla hujakaa.

#59 MzeeWaBaraza
Na 0? Sifuri ni neno la Kiarabu, *sifr*, maana yake tupu. Hilo hilo likapita Ulaya, Waitaliano wakalibana likawa *zero*. Basi mwaliita sifuri au ziro, neno ni moja, njia ndiyo mbili.

#60 KijanaKisumuNdogo
Wanauzi, nimehesabu. Tuna 1, 2, 3, 5, 6, 7, 9, 10 na 100. Hatuna 4 wala 8. Nane haina neno!

#61 BajuniWaFaza
Nanasi?

#62 DadaWaShela
Hiyo ni nana, si nane. Soma polepole.

#63 MwanaMvita
4 ninayo: *usi4ne*. Usinnene, usiniseme vibaya.

#64 MwalimuMstaafu
Hiyo ni *usininene*, umeibana.

#65 MwanaMvita
Mwalimu, Mombasa hakuna anayetamka *usininene* yote. Tunabana, na tukibana nne inatoka.

#66 MwalimuMstaafu
Kwa masharti.

#67 MwanaLangoni
Nimetoka kwa khalati sasa hivi. Nilimsomea uzi wote tangu mwanzo huku akikanda unga wa kesho. Lile la mahamri sita amesema kijana angepiga simu. *Ku66* ameirudia mara mbili peke yake. Nikamwambia nane imetushinda wote, na nahodha, na walimu, na mtu wa Jeddah. Hakuinua kichwa. Akasema: "Nanena."

Nikamuuliza anena nini. Akasema, "Ndiyo hiyo. Nanena. Nane, halafu na."

*8na.*

#68 BintiMkeka
Subhanallah.

#69 FundiSimu
*Wa8na*, wananena. *Tu8na*. *8nepa*, nanenepa! Imekuwa tajiri kuliko zote. Mpeni khalati salamu zangu, na kesho alfajiri aniwekee mahamri manne na mbaazi. Kuna mtu anavuka kuja Malindi.

#70 MwanaLangoni
Nimemfikishia. Anauliza, umeandika manne kwa maneno ili asikosee?

#71 FundiSimu
Ndiyo. Nne bado haijapatikana.

#72 MwanaMvita
Imepatikana, #63.

#73 MwalimuMstaafu
Kwa masharti.